Niliposema "Iweke Kwanza"

Mtarajali wangu, daktari kijana aliye kwenye mwaka wake wa mafunzo kazini, alinikuta kwenye ngazi saa kumi na mbili na robo asubuhi, mimi napanda, yeye anashuka. Koti lake lilikuwa na doa la iodini kwenye kiwiko na macho yamemvimba kwa kukesha. Akaniamkia, nikaitikia, nikataka kupita. Hakunipisha. Akatoa mfukoni karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne.

"Dokta, nimeandika kilichotokea usiku. Nikupe wewe, au kuna mtu mwingine wa kumpelekea?"

Niliisoma hapo hapo, nimeegemea ukuta. Mwandiko wa haraka, lakini kila kitu kimo: saa, dozi, nani alikuwa wapi, yeye alifanya nini, alisahau nini. Chini ameweka jina lake kamili na sahihi, kama mtu aliyekiri kituoni.

Nikaikunja, nikamrudishia.

"Iweke kwanza," nikasema.

Maneno mawili tu, na yamenikosesha raha kwa wiki kadhaa. Nimeyasikia nikitoka Raskazone, hapa Tanga, jioni, nimeyasikia jikoni nikikuna nazi, nimeyasikia nikiwa katikati ya raundi na vijana wengine wamenizunguka na madaftari yao. Hospitali sitaitaja. Nimebadilisha vitu vidogo ili watu wasitambulike, na wote wanaohusika wameniruhusu kuandika.

## Usiku wenyewe

Mama alijifungua jioni. Mimba ya kwanza, presha juu, na kabla hajaletwa alishapata degedege mara moja nyumbani. Kifafa cha mimba.

Dawa yake ni salfeti ya magnesiamu, ambayo wodini tunaiita mag tu. Naiheshimu kuliko dawa nyingi. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Lakini haina mzaha. Ikizidi mwilini, kwanza goti linaacha kuruka ukiligonga, kisha pumzi zinapungua, na usipowahi zinasimama. Kwa utaratibu tunaoufuata, baada ya dozi ya kuanzia mama huchomwa gramu 5 kwenye tako kila baada ya saa nne, na kabla ya kila sindano unapima goti, pumzi na mkojo.

Kulikuwa na dozi ya saa nane usiku. Mtarajali alimpima mama, akamchoma saa nane kasorobo, kwa sababu alikuwa ameitwa thieta kusaidia upasuaji wa dharura. Akataka kuandika. Faili halikuwepo, lilikuwa limepelekwa benki ya damu pamoja na fomu ya kuombea damu. Akajisemea ataandika akirudi.

Muuguzi aliyekuwa peke yake na wodi nzima alitoka kuzalisha saa nane na dakika ishirini. Akatazama ubaoni, akaona mag ya saa nane haijawekwa alama. Akampima mama goti, likaruka, maana sindano ya kwanza ilikuwa bado haijaingia vizuri damuni. Akafanya kile ambacho muuguzi anayejali angefanya.

Akachoma.

Gramu 10 ndani ya dakika thelathini na tano.

Saa tisa na nusu kijana alirudi kutoka thieta. Angeweza kwenda moja kwa moja kujinyoosha kwenye benchi, na hakuna ambaye angemlaumu. Akapitia kitandani. Mama alikuwa amelala usingizi ambao kijana hakuupenda. Akahesabu pumzi kwa saa yake ya mkononi: tisa kwa dakika. Akagonga goti kwa ukingo wa kiganja. Kimya. Akagonga la pili. Mfuko wa mkojo ulikuwa na mkojo wa kufunika kitako chake tu. Akaita, muuguzi akaja mbio, wakaulizana, wakatazamana. Akachoma kalsiamu glukoneti gramu 1 kwenye mshipa, polepole, huku muuguzi ameshikilia maski ya oksijeni.

Alfajiri mama aliomba maji ya kunywa.

## Mfumo unaoamka mtu akifa

Angekufa, tungekuwa na kikao. Kifo cha mama mzazi hutolewa taarifa ndani ya saa 24, na ipo kamati inayokipitia hatua kwa hatua kutafuta kilichokosekana, bila kutafuta mtu wa kunyonga. Kwa madhara ya dawa ipo fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tukio hili lingeweza kuingia humo. Miaka yote niliyofanya kazi sijamwona mtarajali akiijaza kwa kosa la mkono wake mwenyewe.

Huyu hakufa. Kwa hiyo asubuhi ile, kwenye ripoti ya zamu, ilisomwa kwamba mama wa kitanda namba nne anaendelea vizuri. Ni kweli alikuwa anaendelea vizuri. Nilikuwapo, nikaitikia kwa kichwa, tukahamia kitanda namba tano.

Wiki tatu zikapita. Siku moja tunakunywa chai, sista mwingine kabisa akaniambia, "Jana nusura nimchome mama mag mara mbili, Dokta. Faili lilikuwa limekwenda maabara." Kilichomwokoa ni kwamba alimuuliza mgonjwa mwenyewe, naye akagusa tako la kulia: "Si nimeshachomwa hapa?"

Mgonjwa aliyekuwa macho. Yule wa kwanza asingeweza kujibu.

Sista huyu hakuwa na habari yoyote ya usiku ule mwingine. Angeijuaje? Habari ilikuwa mfukoni mwa kijana, imekunjwa mara nne, kwa sababu mimi nilisema iwekwe.

## Wiki sita, mwaka 1974

Usiku huo nilirudi kwenye kisa cha marubani nilichokisoma zamani, nikakisoma safari hii kwa macho mengine.

Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya abiria ya TWA, shirika la ndege la Marekani, safari namba 514, ilikuwa inaelekea kutua uwanja wa Dulles karibu na Washington. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Marubani walipewa ruhusa ya kuukaribia uwanja, wakaielewa kwamba wanaweza kushuka chini zaidi. Waongozaji walikuwa na maana nyingine. Ndege ikagonga mlima huko Virginia. Watu wote 92 waliokuwamo walikufa.

Uchunguzi ukaonyesha kwamba wiki sita kabla yake marubani wa shirika la United walikosea kwa namna ile ile, mahali pale pale, wakanusurika kwa chupuchupu. Na walisema. Shirika lao likawatahadharisha marubani wake. Wa TWA hawakuambiwa, kwa sababu hapakuwa na njia ya habari hiyo kutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine.

Lililofuata ndilo lililonifanya niwashe taa na kukaa kitako. Mwaka 1975 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilianzisha utaratibu wa kupokea taarifa za makosa. Marubani wakasita. FAA ndiyo hiyo hiyo inayotoa leseni na kuzifuta; nani ampelekee hakimu ushahidi wa kumfunga yeye mwenyewe? Mwaka 1976 kazi ya kupokea ikahamishiwa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ambalo halikushika leseni ya rubani yeyote. Jina la mwandishi huondolewa. Anayetoa taarifa ndani ya siku 10, kwa kosa ambalo hakulikusudia, kwa kawaida huepushwa na adhabu. Taarifa zilizopokelewa tangu hapo zimevuka milioni moja.

Nikajiuliza mtarajali wetu anampelekea nani.

Ananipelekea mimi. Na mimi ndiye ninayetia sahihi kwamba amefuzu idara yangu.

## "Andika maelezo"

Mtarajali amesoma miaka mitano na ana shahada, lakini usajili wake kwa Baraza la Madaktari Tanganyika ni wa muda. Kwa mwaka mmoja anazungushwa magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, na kila idara ina mkubwa wa kusema huyu apite au huyu arudie. Nyumbani kuna baba aliyeuza eneo la shamba Muheza na wadogo wawili wanaosubiri ada. Mwaka huu mmoja ndio mlango. Halafu kijana wa namna hiyo tunamtaka aandike kosa lake na atie sahihi.

Kisha kuna lugha yenyewe, na hili nimechelewa sana kuliona. Katika ofisi zetu maneno "andika maelezo" yalishachukuliwa zamani. Umechelewa kazini, andika maelezo. Fedha zimepungua, andika maelezo. Maelezo ni barua ya kujieleza, na barua ya kujieleza ndiyo ngazi ya kwanza ya kuelekea adhabu. Nikimwambia kijana kwa nia njema kabisa, "Mdogo wangu, hebu andika maelezo ya tukio," yeye anasikia kamba ikikazwa. Sisi wakubwa hatulisikii hivyo kwa sababu ndio tunaoandikisha wengine.

Hofu hii si ya kwetu peke yetu, wala si ya kubuni. Uingereza, mwaka 2015, Hadiza Bawa-Garba, daktari aliyekuwa bado katika mafunzo ya ubingwa wa watoto, alitiwa hatiani kwa kifo cha mtoto wa miaka sita kilichotokea mwaka 2011. Siku ile alibeba kazi za wenzake wasiokuwepo, na mfumo wa kompyuta wa majibu ya vipimo ulikatika kwa saa kadhaa. Januari 2018 akafutwa kwenye rejista. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ikamrudisha. Katika miezi hiyo madaktari vijana wa nchi ile waliulizana kama tafakari wanazoandika kwenye kumbukumbu zao za mafunzo zitageuzwa ushahidi, na wapo waliosema hawataandika tena kwa ukweli.

Mtoto alikufa, na wazazi wake walistahili majibu. Sitaki mtu anisome kana kwamba hilo ni dogo. Ninachosema ni kwamba nauelewa mkono unaogoma kuandika.

Wangu uligoma pia.

## Yaishie hapa

Nilikuwa mtarajali katika mkoa mwingine. Wanawake wawili, vitanda vinavyofuatana, jina la kwanza moja, wote wanahitaji damu. Nikawatoa sampuli mmoja baada ya mwingine, nikaenda na vichupa vyangu viwili mkononi hadi mezani palipokuwa na kalamu na lebo, nikaandika. Nilikuwa sijalala tangu juzi yake.

Nusu saa baadaye mteknolojia wa maabara akanipigia. "Dokta, huyu mama kwenye faili yake ya kliniki ni kundi O. Sampuli uliyoniletea inasoma B. Damu imebadilika?"

Nilishuka ngazi sijui nimekanyaga wapi. Sikuwa mtu asiyeijua hatari ile. Mwaka 2007 nilikuwa mwanafunzi, nchi ilipotikiswa na habari ya wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja kule Dar es Salaam, mmoja wa goti na mmoja wa kichwa, waliobadilishwa kwenye upasuaji. Tuliijadili hosteli hadi usiku wa manane, kila mmoja akiapa kwamba kwake haitatokea.

Nikamwambia yule kaka, "Tafadhali, yaishie hapa."

Alikuwa mtu mwema. Akaimwaga sampuli, nikarudi kutoa nyingine nimesimama kando ya kitanda, nikaandika lebo pale pale, mama akapata damu yake. Yakaishia hapo.

Kwa miaka mingi nilikichukua kisa hiki kama neema niliyofanyiwa, na kwa upande wangu ilikuwa neema kweli. Ni juzijuzi tu, nikiwa na ile "iweke kwanza" kichwani, ndipo nilipofikiria meza. Lebo na kalamu vilikaa mezani, hatua kumi kutoka vitandani. Kila mtarajali aliyekuja baada yangu aliikuta meza ile ile pale pale. Wangapi waliandika vichupa vyao mbali na mgonjwa kama nilivyofanya? Na je, kila mmoja wao alikuwa na mteknolojia mwenye macho kama yule?

Nilipomwambia kijana aiweke karatasi nilidhani namtendea wema niliotendewa.

## Stara

Nilikwenda kwa sista inchaji wetu. Ni mtu wa Pangani, amebakiza muda mfupi astaafu, na hakuna aliyezaliwa au kuzalisha katika wodi ile asiyemjua. Nilimkuta anakunja mashuka. Nikamweleza yote, pamoja na ya kwangu ya kundi B.

Hakushtuka. "Dokta, sisi huku tumelelewa kusitiri," akasema. "Ukiona aibu ya mwenzio, unaifunika, na Mungu anakufunika ya kwako. Ndiyo maana hawa watoto hawasemi. Si waoga peke yake. Wanaona kuandika ni kumvua mtu nguo."

Nikamkumbusha ule msemo wa funika kombe mwanaharamu apite. Akatabasamu, akaweka shuka chini.

"Kwetu kulikuwa na kisima, ukingo wake ukamomonyoka. Aliyeubomoa alijulikana, alikuwa akinywesha ng'ombe pale. Wazee hawakumtangaza, kwa kuwa ni mtu na ana watoto. Lakini wangekifunika kile kisima majani ili isijulikane kimebomoka, si angetumbukia mtoto? Mtu anasitiriwa, mwanangu. Kisima hakisitiriwi."

Nilikaa kwenye kile kiti chake cha plastiki muda mrefu. Nimesoma makala nyingi za usalama wa mgonjwa na sijakuta palipoelezwa kwa namna ya kuniingia hivi. Mwanasaikolojia wa Uingereza James Reason alifananisha kinga za kazi za hatari na vipande vya jibini vyenye matundu. Ajali hupita pale matundu yanapolingana. Jibini si chakula chetu, kwa hiyo mimi huwaambia vijana wafikirie makuti. Kuti moja lina mianya, ndiyo maana paa huezekwa tabaka juu ya tabaka. Maji yakikudondokea kitandani huwezi kulishika kuti la chini peke yake ukalichapa. Mtarajali mwenye sindano mkononi saa nane usiku ndiye kuti la chini kabisa. Juu yake kuna faili linalosafiri, muuguzi mmoja wa wodi nzima, ubao usioandikika ukiwa na haraka, na bingwa aliyelala nyumbani, ambaye ni mimi.

Nikamuuliza sista lililokuwa likinisumbua zaidi. Je, tukisitiri majina hatutawafunika wazembe? Anayekuja zamu amelewa, anayeuza dawa za wagonjwa?

"Huyo unamjua na mimi namjua," akasema. "Huyo hatumtaji kwa sababu tunamwogopa. Usilitie jina la stara."

## Alhamisi

Kilichonipa moyo wa kwenda kwa mganga mfawidhi ni Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilipokuwa likijaribu orodha yake ya hakiki ya upasuaji, ukurasa mmoja wenye mambo 19, lilichagua hospitali katika miji minane. London ilikuwamo, Toronto ilikuwamo, na Ifakara ilikuwamo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Moja ya mambo ya orodha hiyo ni kwamba kabla ya kisu kila aliyemo chumbani anataja jina na kazi yake. Naamini sana katika hilo. Mtu ambaye sauti yake imeshasikika chumbani humo hukuta njia imefunguka pale anapotaka kusema "subirini kidogo."

Mganga mfawidhi alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza la kwanza ambalo mtu wa nafasi yake lazima aulize: "Na maandishi yakitoka nje?"

Tulibishana kwa siku mbili. Tulichokubaliana ni kaunta buku moja, ikae kwa sista inchaji na si kwangu, kwa sababu ile ile iliyofanya kazi ihamishiwe NASA. Haina majina. Asiyetaka mwandiko wake ujulikane amsimulie sista, yeye ataandika. Kilichomo hakitatumiwa kumpima mtarajali. Ulevi, wizi na kusudi havimo. Hivyo vina njia yake. Kuhusu mahakama alinijibu kwa uaminifu, "Siwezi kuahidi. Mahakama si yangu." Nami niliwaambia vijana hivyo hivyo.

Lakini kaunta buku tupu haimhimizi mtu.

Alhamisi, kwenye kikao cha asubuhi, nilisimama nikasema nina tukio la kuripoti, limechelewa miaka kadhaa. Nikasimulia vichupa viwili, meza, simu ya maabara, na maneno niliyomwambia yule kaka. Sauti ilinitetemeka kwenye "yaishie hapa." Feni ilikuwa inazunguka, na kuna mtu aliyeweka kikombe chini taratibu sana. Bingwa mwenzangu mmoja akasema mambo kama haya husemwa ofisini, mlango umefungwa. Bado anaamini hivyo, na ni daktari ninayemheshimu.

Kisha kijana wangu akasimama nyuma, akatoa ile karatasi. Mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika. Akaisoma yote, pamoja na jina lake.

Alipokaa, muuguzi wa usiku ule akanyoosha mkono. "Niliiona karatasi ile mkononi mwake asubuhi ile," akasema. "Wiki zote hizi nilijua ameniandika mimi."

Sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Nilikuwa nikihesabu hofu ya kijana na aibu yangu, na mtu wa tatu alikuwa akija kazini kila siku akisubiri barua.

Siku ile ile tulikata kadi. Karatasi ngumu ndani ya plastiki, imefungwa kwa uzi miguuni pa kitanda cha kila mama aliye kwenye mag. Anayechoma anaandika saa kabla hajaweka bomba chini. Faili liende litakako. Kadi haibanduki kitandani.

Kaunta buku ilikaa wiki nzima bila neno. Sista alinizuia kuwasukuma. Wiki ya pili likatokea la kwanza, dogo, dripu iliyowekwa mgonjwa asiye wake ikaondolewa mapema. Kurasa zina safu mbili: kushoto kilichotokea, kulia kilichofanyika. Kila Ijumaa safu ya kulia lazima ijibiwe, hata kama jibu ni kwamba tumeomba na hatujapewa. Upande wa mashine ya kupimia oksijeni kidoleni, moja kwa wodi nzima, jibu limebaki hilo hilo Ijumaa zote.

Tukio la tatu lilikuwa langu. "Dozi iliyoandikwa na bingwa haikusomeka. Tumempigia simu mara mbili, haikupokelewa. Tumechelewa kutoa dawa." Iliniuma siku nzima. Nikatafuta namna ya kuieleza, simu ilikuwa kwenye chaji, nilikuwa msibani Makorora. Sista akanipa kalamu tu. Kulia nikaandika kwamba dozi zangu sasa naziandika kwa herufi kubwa na tarakimu, na kwamba siku ya zamu namba ya pili ya simu itakuwa ubaoni.

Baada ya Ijumaa hiyo ndipo walipoanza kuandika kwelikweli.

## Siku ya arobaini na mbili

Bado kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuna aliyemwambia kitu.

Alikuja kliniki ya wiki ya sita, mtoto amenona, yeye amevaa leso mpya. Nilimpima presha, nikafunga mlango, nikamweleza. Kwamba usiku ule alichomwa mara mbili. Kwamba usingizi ule aliokuwa akiusimulia kwa mashoga zake, usingizi wa maji mengi, ulikuwa dawa iliyozidi. Kwamba tulijua.

"Mlijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Alimtazama mtoto, akamfunga vizuri. "Nitamwambia baba yake," akasema, akatoka.

Siku zilizofuata kijana, ambaye sasa alikuwa wodi ya watoto, alipita kwangu kila jioni. "Wamekuja, Dokta?" Hawajaja. Nilifikiria mwanasheria. Nilifikiria pia kwamba wakija na mwanasheria watakuwa na haki yao.

Walikuja siku ya tisa, mke na mume. Mume ni fundi baiskeli huko Ngamiani, mikono ina grisi isiyotoka tena. Hakunyanyua sauti. Alisema mke wake ameshamweleza, anataka kusikia kwa daktari mwenyewe, nikaanza upya. Kijana nilikuwa nimemwita. Alisimama kando yangu, na ilipofika sehemu yake akaisema mwenyewe, akaomba radhi akimtazama mama.

Mume akauliza kama kitabu hicho tunachokisema kinaonekana. Nikaenda kwa sista inchaji, akakubali, tukamfungulia ukurasa wa tukio la mkewe. Alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Akafika safu ya kulia.

"Hapa mmeandika kadi. Iko wapi?"

Sista akaingia wodini, akarudi na kadi tupu, uzi wake unaning'inia. Akampa. Aliigeuza mbele na nyuma, akauvuta uzi kuona kama fundo limekaza, kama anavyojaribu breki, nadhani.

"Kitu chenyewe hiki," akasema. "Cha shilingi ngapi hiki?"

Hakuna aliyejibu. Mkewe akanyoosha mkono, akaichukua kadi, akamrudishia sista.